Somo la Tisa: Kufufua Pawatila Iliyolala

Ukipita katika vijiji vinavyolima mpunga, iwe Kyela, Mbarali au Kilombero, huenda ukaona mashine imelala nyuma ya nyumba. Magurudumu yake yamezama udongoni. Kuku wanataga chini yake. Mikono yake miwili mirefu imesimama kama pembe za ng'ombe. Hiyo ni pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili. Dereva wake hutembea nyuma, akiliongoza kwa mikono.

Wakulima wa mpunga wa Japani na China walizitumia mashine hizi miaka mingi kabla yetu. Hapa Tanzania nyingi zililetwa wakati wa Kilimo Kwanza, kuanzia mwaka 2009. Nyingine zilinunuliwa na watu binafsi, nyingine na vikundi. Zipo zinazofanya kazi hadi leo. Zipo pia zilizosimama kwa kukosa kifaa kidogo, zikaachwa nje, na mvua ikafanya mengine.

Somo hili linahusu hizo zilizosimama. Ndugu msomaji, huenda moja ni yako, au ni ya baba yako, au ya kikundi chenu. Wengine watakuambia ni chuma chakavu, uiuze kwa kilo. Wengine watakuambia ipeleke mjini kwa fundi. Kabla ya kumsikiliza yeyote, ipime mwenyewe. Kupima hakugharimu pesa nyingi. Kunataka spana, hendeli ya kuwashia, tochi, daftari na subira.

Tutazungumza juu ya pawatila ya aina ya Dong Feng kutoka China, yenye injini ya S195. Injini hii ni ya dizeli. Ina silinda moja iliyolala, na nguvu ya farasi 12. Injini za aina hiyo hutumika pia kuendesha mashine za kusaga, za kukoboa na pampu za maji. Kwa hiyo vipuri vyake si vigumu kupatikana kama vya mashine nyingine. Kama yako ni Kubota au ya aina nyingine, njia ni ile ile, lakini vipimo uvitafute katika kitabu chake.

NI MALI YA NANI?

Usifungue hata nati moja kabla ya kujibu swali hili.

Tuseme kikundi cha watu kumi na wawili kilinunua pawatila. Ikaharibika. Watu wakatawanyika. Mwenzao mmoja akaibeba akaiweka kwake, akatoa pesa zake mwenyewe, akaitengeneza. Siku inaponguruma shambani, wale kumi na mmoja wanarudi. Kila mmoja anakumbuka hisa yake. Yule aliyetengeneza anakumbuka pesa zake. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na mashine hurudi kulala, safari hii ikiwa nzima.

Kwa hiyo iteni mkutano kwanza. Andikeni muhtasari: nani ana hisa, nani atatoa pesa za matengenezo, atarudishiwa vipi, na nani atalimiwa kwanza. Wote watie saini. Asiyejua kuandika jina lake aweke dole gumba, lakini asomewe kwanza yaliyoandikwa. Kama mashine ni ya marehemu, wakae warithi wote, wanawake na wanaume. Jambo hili linachukua siku moja. Kesi huchukua miaka.

SIKILIZA PUMZI YAKE

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inawaka kwa sababu hewa ndani ya silinda inagandamizwa mpaka inakuwa moto sana. Dizeli ikirushwa ndani ya hewa hiyo, inawaka yenyewe. Kama hewa inavuja, haipati moto, na injini haiwaki hata ukizungusha hendeli mpaka jua litue. Ndiyo maana mafundi husema injini ina pumzi au haina pumzi. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, nawe unaweza kukifanya.

Kwanza funga bomba la mafuta, ili injini isiwake bila kutarajia. Weka gia huru. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukitazame. Oili nyeusi si ajabu. Oili nyeupe kama maziwa maana yake maji yameingia, na hapo usizungushe bado. Gasketi ya silinda huenda imekufa, au raba za silinda zimeoza. Imwage oili hiyo kwenye chombo, wala usiimwage mfereji unaokwenda shambani.

Kama oili si nyeupe, ingiza hendeli. Juu ya kifuniko cha valvu kuna kikono kidogo. Ukikigeuza, valvu moja inabaki wazi kidogo na injini inazunguka bila upinzani. Zungusha hivyo polepole mara kadhaa, ukisikiliza kama kuna kitu kinachogonga au kukwaruza. Kisha kiachie kikono, uzungushe tena polepole.

Injini yenye pumzi itakugomea. Utasukuma hendeli, itafika mahali igande, na ukilegeza mkono itakurudisha nyuma kama mpira. Ukiona hivyo, furahi. Sehemu ghali ya mashine yako bado ni hai.

Kama hendeli inapita bila upinzani, usikate tamaa. Mwambie mwenzako azungushe polepole, nawe usikilize. Hewa inayovuja hulia, na mahali inapolilia panakuonyesha ugonjwa. Ikilia katika bomba la moshi, valvu ya moshi haifungi vizuri. Ikilia katika chujio la hewa, ni valvu ya kuingizia hewa. Ikitokea kwenye tundu la kutilia oili, ringi za pistoni zimechakaa au zimenata. Mapovu yakipanda katika tangi la maji, gasketi ya kichwa cha silinda imepasuka.

Andika ulichokisikia katika daftari. Ukienda kwa fundi hutasema, "Fundi, mashine haiwaki." Utasema, "Fundi, pumzi inatokea kwenye ekzosi." Fundi mwenye kazi nyingi atakuheshimu, na fundi mdanganyifu ataona kwamba hukuja kudanganywa.

Valvu inayovuja si msiba. Mara nyingi husagwa kwa unga wa kusagia valvu mpaka ikae sawa. Ringi ni za bei nafuu zikilinganishwa na silinda. Lakini ringi mpya ndani ya silinda iliyolika ni kutupa pesa. Pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye ngazi karibu na mwisho wa mwendo wa pistoni, silinda imelika. Nunua silinda, pistoni na ringi kwa pamoja, au uache.

INJINI ILIYOKWAMA

Huenda hendeli haizunguki kabisa. Maji au unyevu umeingia, na ringi zimeshikana na silinda kwa kutu. Hapa watu wengi huua mashine ambayo ingepona. Huchukua nyundo kubwa, au huifunga kamba wakaivuta kwa gari. Pistoni hupasuka, au mkono wa pistoni hupinda.

Fanya hivi. Fungua nozeli. Mimina ndani mchanganyiko wa dizeli na oili, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa. Acha siku tatu. Kila siku jaribu kuisogeza flaiwili, lile gurudumu zito la chuma la pembeni, mbele kidogo na nyuma kidogo. Usiilazimishe. Kumbuka kwamba silinda ya injini hii imelala, kwa hiyo mafuta hukaa upande wa chini na sehemu ya juu hubaki kavu. Kama baada ya siku tatu haijasogea, fungua kichwa cha silinda, mimina mafuta kwenye pistoni yenyewe, usugue kutu kwa msasa laini uliolowa mafuta. Kisha weka kipande cha mti mgumu juu ya pistoni, ugonge mti huo taratibu. Usigonge pistoni kwa chuma.

Ikiachia, zungusha mara nyingi kabla ya kurudisha nozeli, ili mafuta yaliyomo yatoke yote. Mafuta yakibaki ndani kwa wingi, siku ya kuwasha yanaweza kuwaka yenyewe na injini ikakimbia kupita kiasi.

MAFUTA SAFI, MAJI SAFI, HEWA SAFI

Sasa tuseme pumzi ipo. Mashine nyingi zenye pumzi zilisimama kwa uchafu tu.

Mwaga dizeli yote ya zamani. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini ya tangi na kuozesha chuma. Osha tangi kwa dizeli safi mara mbili au tatu. Badilisha chujio la mafuta. Tangu siku hiyo, chuja dizeli kwa kitambaa safi chenye kufuma kwa karibu, na ndoo ya dizeli isitumike kwa kazi nyingine.

Kisha toa hewa katika mabomba. Legeza nati ya bomba linaloingia kwenye pampu. Acha dizeli itiririke mpaka mapovu yaishe, halafu kaza. Legeza nati ya bomba jembamba kwenye nozeli, zungusha injini mpaka dizeli iruke, kisha kaza. Ukizungusha tena, nozeli iliyo nzima hutoa sauti kavu, krrk, krrk. Ikinyamaza, au ikidondosha kama bomba bovu, ipeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kuipimia.

Hapa sikiliza vizuri. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli iliyofunguliwa. Dizeli inatoka kwa nguvu nyingi kiasi cha kutoboa ngozi. Tundu ni dogo kama la sindano na huenda lisiume mwanzoni, lakini mafuta yaliyoingia ndani yanaweza kuozesha mkono. Ikitokea, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, ukaeleze kwamba ni dizeli.

Tangi la maji pia lina habari zake. Injini hii hupoa kwa maji yanayochemka na kutoka kama mvuke. Fungua koki ya chini. Kama hakitoki kitu, pachokonoe kwa waya mpaka matope yatoke, kisha osha. Maji ya mvua ni mazuri kuliko maji ya kisima chenye chumvi, maana chumvi huganda ndani kama inavyoganda kwenye sufuria. Kuna kielea chenye alama nyekundu. Kikishuka, maji yamepungua. Lakini kama injini imeshapata moto sana kwa kukosa maji, usiimwagie maji baridi, kichwa kitapasuka. Izime, ukae kivulini, uache ipoe yenyewe.

Na chujio la hewa. Mimi husema kwamba chujio la hewa limeua injini nyingi kuliko uzee. Mtu huliona lina matope, hulitoa, na injini huanza kuvuta vizuri. Hufurahi. Msimu mmoja baadaye vumbi limesaga ringi na silinda, na moshi wa buluu unatoka. Osha chujio kwa mafuta ya taa, weka oili mpya mpaka kwenye alama yake, na hakikisha hakuna tundu kati ya chujio na injini.

Jambo la mwisho kabla ya kuwasha ni nafasi za valvu. Injini ikiwa baridi, na valvu zote mbili zimefungwa, pima kwa fila. Valvu ya hewa milimita 0.35. Valvu ya moshi milimita 0.45. Kama darasani kwenu mmeshasoma sehemu za kumi, hapa ndipo zinapokula na kulala. Tofauti kati ya 0.35 na 0.45 ni unene wa karatasi, lakini injini inaijua.

KUIWASHA

Toa mashine nje. Moshi wa injini ndani ya chumba huua. Waondoe watoto. Weka gia huru, na hakikisha visu havijaunganishwa. Tia oili mpya na maji. Weka karibu ubao bapa unaoweza kuziba mdomo wa chujio la hewa.

Shika hendeli kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine. Usikizungushie upande wa pili. Injini ikirudi nyuma, hendeli itateleza kwenye vidole. Ukiwa umeizungushia gumba, itakivunja. Kwa mkono wa kushoto geuza kile kikono cha valvu. Zungusha kwa kasi, ongeza, ongeza, kisha achia kikono huku ukiendelea kuzungusha. Ikiwaka, usiiachie hendeli. Itajitoa yenyewe kwenye meno yake, nawe utaichomoa. Ukiiachia, itaruka, na ni chuma kizito.

Moshi mweupe mwanzoni si kitu. Moshi mweusi unaoendelea ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, yaani ringi au valvu. Kama injini inakimbia kupita kiasi na haisikii mkono wa mafuta, funga mafuta na uzibe mdomo wa hewa kwa ule ubao. Usitumie kiganja chako, wala kitambaa kinachoweza kuvutwa ndani.

Iache izunguke polepole kwa nusu saa. Tazama kama kuna oili inayovuja. Kisha izime, ikipoa kaza nati na upime valvu tena. Baada ya hapo badilisha oili karibu kila saa 100 za kazi, na mapema zaidi kama kuna vumbi jingi. Weka daftari la saa. Siku ya kazi ya saa 6 ni saa 6, hata kama mwenye mashine hakuwapo.

NYUMA YA INJINI

Mikanda hupeleka nguvu kwenye klachi. Mmoja ukikatika, nunua yote. Mkanda mpya pamoja na ya zamani iliyolegea hubeba mzigo peke yake na hufa upesi. Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, mkanda ushuke sentimita 2 hadi 3.

Giaboksi ya mashine ya mpunga huingiwa maji kwa sababu huogelea matopeni. Mashine ikiwa imelala usiku kucha, legeza kidogo bolti ya kutolea oili. Kikitoka maji kwanza, sili za ekseli zimekufa. Zibadilishe kabla ya beringi kufuata.

Visu vipo vya kushoto na vya kulia. Mchoro wake uchukue kabla ya kuvitoa, au uvipige alama kwa rangi. Ukivichanganya, mashine itaacha tuta katikati na kutetemeka.

KUONGEZA NA KUBADILI

Mashine ikishafanya kazi, kila mtu ana shauri. Mengine ni mazuri.

Magurudumu ya chuma yenye mabapa hushika matope kuliko ya mpira. Mchomeleaji wa kijijini anaweza kuyatengeneza kwa nondo na vyuma bapa, mradi yote mawili yawe sawa kwa upana na uzito. Mhunzi anaweza kufua visu kutoka kwenye springi za gari. Mwambie asivikaushe kwa maji kisha akaviacha hivyo, kwa kuwa chuma kigumu mno huvunjika kikigonga jiwe. Kinarudishwa motoni kidogo ili kipate kunyumbuka.

Unaweza pia kuifunga injini kwenye kinu cha kukobolea au pampu wakati hakuna kulima. Hapa hesabu inahitajika. Injini huzunguka mara 2,000 kwa dakika. Tuseme puli yake ina upana wa sentimita 12, na kinu kinataka mizunguko 800 kwa dakika. Zidisha 2,000 kwa 12, upate 24,000. Gawa kwa 800, upate 30. Kwa hiyo kinu kiwekewe puli ya sentimita 30. Ukiweka ya sentimita 15 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani, kinu kitazunguka mara 1,600. Mchele utavunjika, na kinu chenyewe kinaweza kupasuka mbele ya watu.

Mabadiliko mengine yakatae. Usikubali fundi akaze springi ya gavana ili "iongeze mbio". Gavana ndiye anayeizuia injini isijivunje. Usitoe bati linalofunika visu kwa sababu eti matope hunata. Bati hilo liko kati ya visu na miguu yako. Usirudi nyuma huku visu vinazunguka, na kama kizuizi cha jambo hilo kimetolewa, kirudishwe.

Rangi ni ya mwisho. Wengi huanza na rangi, mashine ikang'aa na isiwake. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha paka rangi uipendayo. Ukitaka kuandika jina, andika. Nimeona wengi wakiandika jina la mama.

TELA NA MTEREMKO

Tela huleta pesa msimu wote, lakini pia ndilo linaloua. Liwe na breki zinazoshika, na nyuma liwekewe vioo vyekundu vya kuakisi mwanga, kwa kuwa lori la usiku haliwezi kukisia kwamba kuna pawatila mbele.

Kuna jambo moja ambalo kila dereva wa pawatila lazima alijue kabla ya kupewa mashine. Chini ya kila mshiko kuna klachi ya kukatia kona. Ukiwa tambarare, ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto hukosa nguvu, la kulia huendelea kusukuma, na mashine hukata kushoto. Mkono huzoea hivyo.

Mteremkoni mambo hugeuka. Tela linasukuma kutoka nyuma, na injini haivuti tena, bali inazuia. Ukibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto linakosa kizuizi na kukimbia. La kulia bado linazuiwa. Mashine inakata kulia. Dereva mgeni anashtuka, anabana zaidi, na mashine inazidi kwenda kule asikotaka, labda kwenye korongo.

Kwa hiyo, kabla ya kuteremka weka gia ya chini, punguza mafuta, na kata kona kwa kusukuma mikono yenyewe, bila kugusa klachi hizo. Usiweke gia huru. Usibebe watu juu ya mzigo. Mfundishe dereva mpya kwenye kilima kidogo bila mzigo, mpaka mkono wake uelewe.

JE, INALIPA?

Rudi kwenye daftari. Jumlisha vipuri, nauli na fundi. Tuseme ni shilingi 600,000. Tuseme kwenu kuvuruga ekari moja hulipwa shilingi 60,000, na dizeli, oili na dereva huchukua 30,000. Zinabaki 30,000. Gawa 600,000 kwa 30,000. Utahitaji ekari 20 ili pesa zako zirudi. Kama mashine inamaliza ekari moja kwa siku, ni siku 20. Sasa jiulize kama maji hukaa mashambani kwenu siku 20 za kuvuruga, na kama mashine nyingine hazijawachukua wateja. Weka bei za kijiji chako mahali pa hizi za mfano.

Hesabu ikikataa, bado injini yenye pumzi ina soko kwa wenye vinu, na itauzwa kwa bei iliyo mbali na ile ya chuma chakavu.

MASWALI

1. Kwa nini ni lazima kuandika muhtasari kabla ya kufungua pawatila ya kikundi?
2. Umesikia hewa ikilia kwenye tundu la kutilia oili. Ni kitu gani kimechakaa?
3. Injini huzunguka mara 2,000 kwa dakika na puli yake ni sentimita 10. Pampu inataka mizunguko 1,000. Puli ya pampu iwe na upana gani?
4. Unateremka na tela lenye mpunga, na njia inakata kushoto. Utafanya nini? Mwonyeshe jirani yako kwa mikono.
5. Kazi ya darasa zima: nendeni mkaitazame mashine moja iliyosimama kijijini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mmoja azungushe hendeli, wengine wasikilize. Kila mtu aandike sentensi tatu juu ya alichosikia, kisha zisomwe darasani.